Masharti ya Unga wa Moyo

Suti hakwenda kliniki kwa sababu anaumwa. Alikwenda kuchaji simu. Ghorofa ya nne, nje ya chumba cha nesi, palikuwa na feni inayozunguka, mabenchi, na soketi isiyo na mwenyewe. Ukivaa suti nyeusi hakuna anayekuuliza umefuata nini. Suti hiyo ndiyo iliyompa jina. Ndani yake aliwahi kuwa mpima viwanja, wakala wa ajira za melini, na kwa muda mfupi wenye shida nyingi, mchungaji. Jina alilopewa na mama yake tuliache, maana mama mwenyewe alishaacha kulitaja.

Siku hiyo nesi alitoka na bango lake, akasimama mbele ya wagonjwa.

"Jamani, sikilizeni. Maharagwe, dengu, mboga za majani, karoti, nyanya, matunda, nafaka isiyokobolewa. Vyakula hivi hivi vya sokoni. Vinaweza kusaidia kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, kisukari, hata baadhi ya saratani. Sisemi vinaponya. Sisemi ukila hutaumwa kamwe. Nasema vinapunguza hatari. Na dawa mlizoandikiwa msiache."

Wagonjwa wakatikisa vichwa kwa adabu, kama watu wanaoambiwa habari za mvua ya nchi nyingine. Kisha mzee mmoja mnene, aliyekuwa bado anahema kwa kupanda ngazi, akainua mkono.

"Sista, tumekuelewa vizuri sana," alisema. "Sasa dawa yenyewe iko wapi?"

Nesi akamtazama, akatazama bango, akarudi zake ndani. Suti akachomoa chaja. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Masikini nesi wa watu! Alikuwa anagawa bure kitu ambacho watu walishatia mikono mfukoni ili wakinunue. Kosa lake lilikuwa moja tu, hakukitia kwenye chupa.

Haikupita wiki, Suti akawa amepanga chumba kwenye korido ile ile ya kliniki. Alipenda ghorofa ya nne kwa sababu za kitaalamu. Lifti ya jengo ilikufa zamani, hakuna aliyekumbuka kuizika, na kila aliyefika juu alifika akiwa hoi. Suti alisimama mlangoni na koti jeupe juu ya ile suti, akawachagua kwa masikio. Anayehema namna hii, alijiambia, ana hofu ya kutosha kununua, na hana pumzi ya kunikimbiza. Kanuni hiyo ilikuwa haijawahi kumwangusha.

Dawa aliitengeneza mwenyewe. Alinunua maharagwe, karoti na vitunguu saumu, akaokota mchicha uliochoka ambao wauzaji walikuwa wanautupa, akakausha vyote juu ya magazeti chumbani, akapeleka kwenye mashine ya kusaga. Akajaza chupa ndogo, akabandika lebo yenye picha ya moyo unaotoa miale. Unga wa Moyo! Lebo zilikaa upande kidogo, lakini mtu anayeogopa kufa hapimi kwa rula.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule yule mzee mnene. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mabati, kwa kuwa duka lake la mabati, misumari na saruji lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kutoka ng'ambo hiyo alikuja kwa gari.

"Kaa, mzee wangu," Suti alimwambia. "Usiseme kitu."

Mzee hakuweza kusema kitu hata angetaka. Alikaa, akajipepea na kofia, mpaka sauti ikarudi.

"Umejuaje kama naumwa?"

"Nimeona." Suti akaisogeza chupa mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akataja bei.

Mzee akashtuka. "Ebo! Mbona nesi alisema hata maharagwe yanasaidia?"

"Kweli kabisa. Na nyumba ya udongo nayo ni nyumba. Lakini wewe, mtu mzima mwenye duka la mabati, utalala kwenye udongo?"

Mzee Mabati akafikiri. Alikuwa mtu bahili, wa kuhesabu misumari kabla ya kuifunga, lakini kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri kichwani. Akalipa.

"Masharti?" aliuliza. Maana hata yeye alijua kwamba dawa isiyo na masharti ni uji.

Na hapa ndipo ufundi wa Suti ulipo. Masharti ndiyo bima ya tapeli. Mteja asipopona, unamuuliza polepole kama alishika masharti yote, naye mwenyewe anainamisha kichwa na kuomba msamaha. Suti akatoa mawili matatu ya kuanzia: asinywe dawa amekasirika, asiishike chupa kwa mkono wa kushoto. "Na dawa za hospitali endelea nazo," aliongeza, "zinaisaidia yangu kidogo." Hakutaka mtu amfie mapema.

Kesho yake mchana, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia mama mmoja mfupi, kanga begani, hahemi hata kidogo. Kanuni ya Suti ikamwambia amkwepe. Mama akaketi, akafungua chupa, akanusa, akaweka chembe ulimini.

"Maharagwe," alisema. "Karoti. Kitunguu saumu. Na mchicha uliolala."

"Mama, haya ni mambo ya kisayansi..."

"Sijakuuliza, nimekuambia. Nimempikia yule mzee maharagwe na mboga tangu aliponioa, na tangu aliponioa anasema majani ni ya mbuzi. Jana amekula kijiko cha huu uchafu wako, akalamba na kijiko." Sauti yake ikabadilika. "Kaka yake alianguka pale dukani, katikati ya mifuko ya saruji, akiwa na umri kama wake. Hakuamka. Mimi sitaki kumwokota mume wangu sakafuni. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Hunielewi, lakini utafanya. Kijiko kimoja hakimsaidii mtu. Ongeza masharti."

Suti akachukua kalamu, akajifanya anafikiri, na Mama Mabati akamtajia. Dawa inywewe juu ya bakuli la maharagwe na mboga, ili ipate njia. Ikikutana na soda tumboni inageuka sumu. Nyama ya kukaanga na chumvi nyingi zinaifunga. Sigara inaiua kabisa. Na dawa haishuki moyoni kwa mtu aliyekaa, kwa hiyo gari libaki nyumbani, na kila asubuhi mzee atembee haraka haraka, mikono ikirushwa.

"Mikono ikirushwa?" Suti aliuliza.

"Hiyo ni ya kwangu. Nataka kucheka."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na ukitaka kuhama, njoo uniage. Usije ukasahau."

Suti alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mke mwenyewe anamsaidia kumpaka mumewe mafuta kwa mgongo wa chupa! Akayaandika masharti yale kwa wateja wote, maana yalikuwa mazuri ajabu. Yalikuwa magumu mno. Nani atayashika? Atakayeshindwa atajilaumu mwenyewe.

Miezi ikapita na biashara ikanoga. Alikuja fundi cherehani mwenye miguu iliyovimba, akaja karani mstaafu anayeogopa kila kitu, wakaja na jirani zao. Wote walilipa ghali, na kwa kuwa walilipa ghali, walishika masharti kama watu walioapishwa. Asubuhi ungewaona barabarani, kundi zima, mikono ikirushwa, Mzee Mabati mbele. Suti hakuwaona, maana asubuhi alikuwa amelala. Akiamka alikula chipsi kwenye mfuko wa karatasi, akashushia na soda, akawasha sigara dirishani. Ngazi zile zilikuwa zinamchosha siku hizi, kwa hiyo alimtuma mtu amletee chipsi na soda. Kama angeyatega masikio yake ya kitaalamu, angegundua kwamba wateja wake sasa wanafika juu wanaongea. Lakini alikuwa anatazama begi.

Begi lilikuwa la mchezo wa mwisho. Alimwita kila mteja chemba, akafunga mlango, akamnong'oneza. "Nimekuchagua wewe. Uwakala wa Unga wa Moyo, mji mzima, peke yako. Weka kianzio tu. Ila usimwambie mtu, wenzako watakuonea kijicho." Fundi cherehani akaleta pesa za kununulia cherehani ya pili. Karani akaleta kiinua mgongo chake. Mzee Mabati alileta furushi lililofungwa kwa waya wa dukani, macho yakimng'aa kwa tamaa ya kuwapiga wenzake bao. Tuwahurumie, lakini si sana.

Begi lilipojaa, Suti alivua koti jeupe, akafuta soli za viatu, akateremka ngazi mchana kweupe, hana hili wala lile. Stendi ya mabasi ilikuwa juu ya kilima, mwendo mfupi tu. Kuaga? Amuage nani?

"Daktari!"

Mzee Mabati alikuwa mlangoni pa duka, ameinua bunda la mabati peke yake. Alilitua chini kwa kishindo. "Daktari, ngoja!"

Kijasho chembamba kikamtoka Suti. Wameambiana! Kila mmoja ameshajua mwenzake naye ni wakala! Akakaza mwendo. Nyuma yake viatu vikakaza mwendo. Akatimua mbio, mguu niponye, begi likimgonga mgongoni. Hata hivyo hakuogopa sana, maana alimjua mteja wake. Hatua chache tu, mzee atashika ukuta.

Alipofika mguuni mwa kilima akageuka kutazama. Mzee Mabati alikuwa karibu zaidi. Na kutoka kibandani mwake fundi cherehani alikuwa anachomoka, futi ya kupimia bado shingoni.

"Kuna nini?" aliita.

"Daktari anafanya mazoezi!" Mzee Mabati alijibu bila kupunguza mwendo. "Leo anatuongoza mwenyewe!"

"Jamani, na sisi!" Karani mstaafu naye akajiunga kutoka kwenye kiti chake cha barazani, na nyuma yake jirani, na jirani wa jirani. Wote mikono ikirushwa. Walipanda kile kilima wanapiga soga. Suti aliwasikia wakibishana kuhusu bei ya dengu.

Nusu ya kilima, pumzi zikamwishia. Chipsi zote, soda zote, sigara zote za dirishani zilikuja kudai. Kifua kikambana kama kimefungwa waya. Akapiga magoti kando ya barabara, akalishika begi, na kwa mara ya kwanza tangu avae suti ile aliogopa kwa dhati. Nakufa, alijiambia. Nakufa na wananipata.

"Nilitaka tu kukuambia," Mzee Mabati alisema akiinama juu yake, hata hahemi. "Nimetoka kupimwa. Presha imeshuka! Daktari? Daktari, mbona umekuwa rangi ya majivu?"

Walisimamisha gari, likawarudisha hadi mlangoni mwa lile jengo. Hapo mzee akambeba mgongoni kama gunia la saruji, akapanda naye ghorofa nne huku akimsimulia habari za presha yake. Begi alilibeba Mama Mabati. Hakuna aliyejua ametokea wapi.

Suti alipotulia alijikuta kitandani kwa nesi, amevuliwa suti, amefunikwa shuka. Suti ilikuwa imetundikwa kwenye kiti. Nesi alikuwa anamfungua mkanda wa kupimia presha mkononi.

"Una bahati, safari hii moyo umekuonya tu," alisema. "Leo unahamishiwa hospitali ukachunguzwe vizuri, na dawa watakazokupa unywe. Sigara basi. Soda basi. Na kula vizuri. Maharagwe, dengu, mboga za majani..." Aliyasema yote kama alivyoyasema siku ile, kwa sauti ile ile iliyochoka, akaenda kupiga simu.

Kupitia mlango Suti alimsikia Mzee Mabati akiwahutubia watu wa mabenchi. "Mtu yule ni mtakatifu! Ametupa sisi dawa yote, yeye mwenyewe akabaki bila!"

Mama Mabati alikuwa ameketi kando ya kitanda, begi miguuni.

"Pesa za watu nitawarudishia," alisema. "Nitawaambia umeahirisha uwakala kwa sababu ya afya. Sitaki wajue. Wakijua ni maharagwe, kesho wataacha kula. Hasa yule wangu." Akamtazama. "Nilikuambia uniage."

Suti alijigeuza chali. Alitazama dari. Kifua bado kilikuwa kizito. Alimkumbuka mzee akiongea ghorofa zote nne, na yeye mgongoni.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Ile dawa ya chupa imebaki?"

Mama Mabati akatoa kikapuni chupa moja. Lebo ilikuwa imekaa upande, moyo unatoa miale. Suti alijua kilichomo. Alikisaga mwenyewe. Alijua hata muuza mboga aliyeutupa ule mchicha.

"Ipo," mama alisema. "Ila bei imepanda."

"Nilipe na nini? Begi unalo."

Mama Mabati akageuza macho kwenye kiti, akaishika ile suti kwenye ukosi, akapima kitambaa kwa vidole.

Suti alifumba macho. Mle ndani mlikuwa na mpima viwanja, wakala na mchungaji. Kifua kikambana tena, kidogo tu.

"Chukua," alisema. "Lakini suti nzima kwa chupa moja si haki, mama. Nipe mbili. Na masharti."