Simu ya Bi Mauza, Mtaa wa Sikukuu

Ilitangazwa Jumatatu, kwa mhuri wa zambarau na nakala saba, kwamba simu zote za Dar es Salaam sasa zinalia barabara. Ushahidi: kwa majuma matatu Ofisi ya Milio haikupokea lalamiko hata moja. Mwenye simu isiyolia aliombwa, kwa heshima zote, asiwe nayo.

Tangazo lilipigwa taipu na Isidori, karani wa Ofisi ya Milio pale Posta, mtu wa Kibosho aliyepiga pasi hata kamba za viatu. Bwana Mkubwa wa ofisi alimpa mkono kwa kazi hiyo. Isidori hakunawa mpaka jioni.

Jumanne saa saba, jua likiwaka, akaingia Bi Mauza, mwenye duka la vitambaa Kariakoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu hailii. Inakohoa tu."

"Malalamiko yanapokelewa kwa simu, mama. Kupiga unaweza?"

"Kupiga naweza."

"Basi rudi kwako, upige."

"Nimepiga tangu asubuhi, hapokei mtu! Na mkipokea, mtanijibu nini?"

"Kwamba tutakupigia."

Bi Mauza akamtazama. Isidori akalitazama jalada. Halikuwa na aya ya kumsaidia.

"Sikiliza," mama alisema, sauti imeshuka. "Binti yangu Amna yuko hospitali Tanga, mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana. Mumewe kanipigia mara nne, sikusikia kitu. Leo kanitumia telegramu: mbona hupokei?"

Isidori alimkumbuka mama yake, akakohoa kidogo, akachukua Fomu ya Kuthibitisha Ukimya. Wakakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, mama mbele, Serikali nyuma.

Dukani, Isidori aliinua simu, akamwomba opereta aipigie, akairudisha mahali pake. Wakasubiri.

*Krrh.*

"Hiyo ni sauti," alisema Isidori.

"Ni kikohozi!"

"Kanuni inataka sauti, mama. Haikutaja afya yake." Akagonga mhuri: INALIA.

Bi Mauza hakuwa na muda wa mihuri. Alichukua mkasi wa vitambaa, akaanza kufungua skrubu kwa ncha yake.

"Mama! Mali ya Serikali!"

"Na mjukuu ni mali yangu."

Kifuniko kikatoka. Kati ya nyundo na kengele kulikuwa na karatasi, imekunjwa mara nne, imebanwa vizuri. Bi Mauza akaikunjua, akasoma kwa sauti: "Maelekezo ya Kuifanya Simu Ilie Vizuri. Kwa amri ya Bwana Mkubwa, yahifadhiwe ndani ya kila simu."

Isidori aliitambua taipu yake. Herufi *k* ilikuwa imepinda.

Mara simu ikalipuka kwa mlio. Ililia hata majora yakaanguka rafuni na muuza kahawa wa nje akamwaga kikombe. Bi Mauza akanyakua mkono wa simu.

"Nani? ... Wa kike? ... Na Amna? Mzima?"

Vigelegele alivyopiga vilisikika sokoni. Akamjazia Isidori haluwa viganja viwili, na Isidori, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaruka juu bila kibali. Kisha akaganda, haluwa mdomoni. *Kila simu.*

"Mama, niazime mkasi."

Alirudi Posta mbio. Bwana Mkubwa alikuwa anajaribu maneno ya hotuba ya kupokea nishani.

"Isidori! Mkasi wa nini?"

"Matengenezo, Bwana."

Akaifungua simu ya malalamiko, iliyokaa kimya mezani pa Bwana Mkubwa kwa majuma matatu. Akavuta karatasi. Simu ikaanza kulia hapo hapo, na kalamu zikacheza juu ya meza.

Bwana Mkubwa alirudi nyuma hatua mbili. "Pokea wewe."

"Kanuni hainiruhusu, Bwana. Hiyo ni ya daraja lako."

Kwa hiyo Bwana Mkubwa akapokea. Upande wa pili alikuwa Bi Siwema wa Ilala, muuza samaki, na kwa majuma matatu hakupata mtu wa kumsikiliza. Hakuanza na salamu.