Pamba ya Mzee na Vidole vya Kwandu

Jumatatu, 16 Juni

Ndiyo, nilikubali kabla mume wangu Onesmo hajamaliza kuniuliza. Mtoto! Ndani ya nyumba yetu! Mpaka Jumapili!

Ni Kwandu, binti wa kaka yake Onesmo. Ana miaka miwili na nusu, na macho kama ya ndama. Mama yake amekwenda Nyashimo kumuuguza dada yake. Ameniachia mtoto, kifurushi cha nguo na onyo: huyu haongei na mtu asiyemzoea, hata umpe asali. Akaongeza huku anacheka kwamba mimi bado ni bibi harusi tu. Siku Kwandu akiniita mama mdogo, hapo ndipo nitakuwa mtu wa ukoo.

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Miezi miwili ya ndoa na ukoo mzima bado unaniita bibi harusi, kama keki iliyosahaulika ukumbini! Nimeapa mbele ya picha yetu ya harusi: kabla ya Jumapili nitaitwa mama mdogo.

Onesmo amesema nisiharakishe. Jamani, jinsi anavyolitamka hilo neno! Nimeunguza ugali.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwona kwenye simu mwalimu mmoja wa chekechea. Anasema mtoto mdogo hujifunza kwa masikio na vidole, na vyombo vyote vya kazi hiyo vimo jikoni. Kweli kabisa! Chupa moja ya mchele, moja ya mahindi, moja ya maharage. Sufuria mbili zimefunikwa kifudifudi. Mwiko. Bendi nzima!

Nikatikisa, nikagonga, nikaimba wimbo niliotunga mwenyewe, ambao neno lake ni moja tu: Kwandu. Kwandu akaingia chini ya meza.

Jirani yangu Veronica, mwenye watoto wanne na ushauri wa watoto arobaini, akachungulia dirishani. Akauliza kama tunafukuza ndege shambani au kuna mtu amefariki. Kisha akainama akamwamkia mtoto kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Basi! Kwandu akatoka chini ya meza akampa mkono. Veronica! Ambaye hakuwa hata na chupa!

Onesmo aliporudi alichukua chupa ya mchele, akanishika kiuno, tukacheza taratibu kuzunguka magunia ya baba yake. Ni magunia matatu ya pamba. Yako sebuleni kwetu kwa sababu tunakaa karibu na ghala la chama cha wakulima. Ijumaa yatapimwa, na mpimaji ni karani wa chama, yaani mume wangu. Alinieleza sikioni kwamba baba yake huchambua pamba yote kwa mkono wake, na kwa miaka thelathini hajawahi kurudishiwa gunia. Sauti yake ilikuwa tamu mno. Maneno sikuyafuata vizuri.

Jumatano, 18 Juni

Mwalimu wa kwenye simu anasema tumpe mtoto vitu laini avishike. Nikatafuta kitu laini nyumba nzima. Kanga? Zimechakaa. Mto? Mgumu. Ndipo nikayaona magunia, yamenona, yananitazama.

Nilifungua moja. Nikatoa kumbatio moja tu. Halafu la pili. Halafu nikaacha kuhesabu. Nikamwaga mkekani kilima cheupe, jua la dirishani likakiangukia, na nyuzi ndogo zikawa zinaelea hewani kama ndoto za mtu aliyelala vizuri. Kwandu alisimama. Akagusa kwa kidole. Akagusa kwa kiganja. Kisha akajitupa mzima mzima, akacheka!

Nililia. Kidogo tu.

Lakini mwalimu anasema pia kwamba kidole kikishajua laini, kijue na kikwaruzacho. Kwa Veronica kuna rundo la mchanga wa ujenzi. Nikachota ndoo. Mchanga mkavu haushikani, nikaongeza maji, tukafinyanga vijumba palepale mkekani. Chupa ya maharage ikafunguka yenyewe. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu siku ya harusi.

Kisha nikasikia baiskeli ya Onesmo. Nikarudisha kila kitu guniani kwa mikono miwili na goti moja, nikafunga kamba. Akaniuliza mbona nahema. Nikamwambia ni mapenzi. Si uongo.

Alhamisi, 19 Juni

Kwandu bado haongei. Ila mchana alilala mapajani mwangu, ameshika mwiko. Sikusogea kwa saa mbili. Mguu ulikufa, moyo ukapaa.

Veronica aliniuliza mbona nina pamba kichwani. Nikamjibu ni mtindo. Akasema watu wa pamba hawachezei pamba, bibi harusi. Bibi harusi! Wivu tu.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya kupima. Mzee Januarius, baba mkwe, alitoka Zagayu alfajiri, amevaa koti la Misa. Mimi na Kwandu tukaenda kumshangilia, na chupa zetu.

Gunia la kwanza safi. La pili safi, watu wakamsifu. La tatu Onesmo akaingiza mkono mpaka begani, kama anavyofanya kwa kila mkulima. Akaganda. Akatoa pamba iliyolowa. Akatoa mchanga. Akatoa harage.

Foleni nzima ikasogea kutazama. Kisha mmoja akasema, "Mzee, mwaka huu umechanganya mazao?" Mwingine akataka kujua kama mboga inauzwa na gunia lake. Onesmo alimtazama baba yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba gunia hili linarudi. Kanuni ni kanuni. Mzee akavua kofia, akaketi juu ya gunia lake, mbele ya watu wote. Miaka thelathini! Nilitaka ardhi ya Bariadi inimeze.

Nyumbani Mzee aliuliza taratibu nani alifungua gunia. Nilikuwa tayari. Nikaanza kueleza juu ya mbuzi wa Veronica, jinsi wanavyojua kufungua kamba.

Kwandu akanyoosha mwiko. Akaninyooshea mimi.

"Mama mdogo," akasema. Wazi kabisa, kila herufi. "Mama mdogo katia mchanga."

Mzee akanitazama. Onesmo akanitazama. Mimi nilipiga kelele za furaha, nikambeba, nikazunguka naye chumba kizima. Ameniita! Mmesikia? Ameniita!

Jumamosi, 21 Juni

Tumeanika pamba kwenye turubai uani na kuichambua kutwa. Mzee hakunisemesha mpaka saa sita. Saa sita alimwambia Onesmo kwamba alikuwa anashangaa kwa nini harusini nilikuwa natabasamu peke yangu, sasa ameelewa. Kisha bega likaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka! Kwandu akamletea harage moja moja, na kila harage akalitangaza: mama mdogo. Mama mdogo. Mama mdogo. Nilihesabu mara thelathini na moja. Upepo mdogo, weupe kila mahali, Onesmo na pamba kwenye nyusi kama mzee wangu wa kesho.

Jumatatu gunia litapimwa upya. Karani mwingine ndiye atakayeingiza mkono.

Jumapili, 22 Juni

Mama yake amemchukua, wamekwenda Zagayu kwa babu. Kwandu alining'ang'ania shingoni. Mama Kwandu aliniita, mbele ya Veronica, mama mdogo! Akaniomba kwa upole kwamba nikienda kuwatembelea, niende na sukari tu, nisiende na mawazo.

Nimekubali. Sukari tu.

Ila Onesmo ameniambia ng'ombe wa Mzee wako kumi na mmoja, kila mmoja ana kengele shingoni, na kila kengele ina sauti yake. Kumi na moja! Zikivuliwa kabla hawajapelekwa malishoni, zikafungwa kwenye kamba moja kuanzia nene hadi nyembamba, Kwandu atakuwa na muziki wa kutwa nzima. Ng'ombe watajipata wenyewe. Mzee atafurahi sana.

Kabla mwezi haujaisha, Kwandu wangu, mama mdogo atakuwa Zagayu.