Mbwa wa Karani na Kilo za Maji

Kama kuna mtu Litein anayetaka kujua njia ya haraka ya kupoteza kuku wa mayai, amwulize Mongina. Atamweleza bure, na bure ni neno ambalo Mongina alikuwa akilisikia tu kwa wengine.

Siku hiyo ya soko alikuwa ameketi kwenye benchi la agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, mahali anapoketi kila wiki bila kununua hata dawa ya kupe. Mwanamke wa miaka sitini na nane, darasa la tano, meno mawili ya mbele yameshastaafu, lakini masikio bado yako kazini. Huyu ndiye aliyemuuzia mwalimu mkuu dawa ya kuzuia mvua siku ya michezo, na mvua ilipokuja akamuuzia mwavuli.

Akaingia Kipngetich, karani mstaafu wa kituo cha kununua majani chai. Mwanawe wa Nakuru alikuwa amemletea mbwa mkubwa wa kizungu, masikio wima, jina lake Bosi.

"Winny," alimwambia msichana wa duka, "mbwa anapewa hii kavu ama hii ya mkebe, yenye supu?"

"Inategemea, mzee. Kavu inakaa siku nyingi. Ya majimaji ni laini, mbwa anaipenda, lakini ukishafungua haingoji mtu."

"Na bei?"

Winny akazitaja. Kipngetich akashika kifua, kisha mfuko, kuhakikisha vyote bado viko.

Mongina akahisi vidole vikimwasha, kama kila anapomwona bahili anayetaka kitu kizuri. Akamfuata nje.

"Karani, baba! Usiue mbwa na vitu vikavu. Wewe unaweza kumeza ugali bila mboga?"

"Siwezi."

"Sasa mbwa alikukosea nini? Mimi napika ya majimaji. Nyama iko, mifupa iko, vitamini iko. Safi, hata mtu anaweza kula."

"Hata wewe?"

"Hata mimi!"

"Na unataka nini, mama?"

Kuku wa Kipngetich Mongina aliwajua mmoja mmoja. Kila Jumapili akienda kanisani aliwatazama juu ya ua, macho yamelegea kama ya mtu anayeomba, na kwa kweli alikuwa akiomba.

"Pesa ya nini kati ya majirani? Kilo kwa kilo. Kilo kumi za chakula, kilo kumi za kuku, yaani kuku wako watano."

Kipngetich akakuna kidevu. "Sawa. Lakini mizani yangu, na sheria za kituo."

"Sheria ni sheria," alisema Mongina, mdomo ukikimbia mbele ya akili.

"Na ukileta pungufu?"

"Nikileta pungufu, chukua Maxine wangu!"

Maxine ndiye kuku pekee wa Mongina, na jina hilo alipewa na mjukuu. Alitaga kila siku isipokuwa Jumapili, Mkristo kamili. Mayai yake ndiyo yaliyoleta sukari, chumvi na sabuni katika nyumba ile. Lakini nani ana haja ya kumwogopea kuku mmoja wakati watano wako njiani?

Ijumaa akapika. Mifupa ilitoka bucha ya Ombati, ile ambayo hata nzi walikuwa wameisamehe. Pumba viganja viwili, ukoko wa ugali kutoka hotelini. Kisha maji. Halafu maji. Akakoroga, akatazama, akaona kuna kitu kinapungua, akaongeza maji.

"Mongina," alijipongeza, "shule ilikuacha kwa wivu."

Jumamosi alifika kwa Karani na ndoo kichwani na Maxine kwapani. Kuku watano walikuwa tayari kwenye kapu, miguu imefungwa. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya ghala, na Bosi alilala chini yake. Ndoo ikatundikwa.

"Kumi na mbili!" Mongina alisoma kabla mshale haujatulia.

"Toa ndoo, kilo moja," alisema Kipngetich.

"Haki kabisa."

Kisha Karani akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono ndani ya ndoo, akakamua. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Akainua uso, na Mongina akaitambua sura ile. Ndiyo iliyomtazama miaka na miaka kituoni, msimu wa mvua, yeye Mongina akiwa na gunia la majani mgongoni.

"Maji, mama. Kituoni kilo za maji tunakata."

"Ngoja, Karani! Hii ni chakula ya majimaji. Ukitoa maji inabaki nini?"

"Na majani yako ya mvua, nilikata?"

"Ulikata."

"Ulilia?"

"Nililia hadi Sotik wakasikia."

"Sheria ilibadilika?"

Mongina akambana Maxine zaidi kwapani.

Kipngetich akamimina chakula kwenye gunia la wavu, lile la majani, akalitundika. Maji yakashuka kama ya bomba. Bosi akaamka, akalamba mara moja, akapiga chafya, akarudi kulala. Kisha Karani akachagua mifupa na kuitupa kando. "Hii ni kama majani magumu. Inarudi kwa mkulima."

Mizani ikasema kilo moja na nusu.

"Kuku mdogo hapa ana kilo mbili," alisema Kipngetich kwa huruma. "Na siwezi kumkata kipande akiwa hai, mama. Si utu."

Maxine akahamia kwapa la Karani bila hata kupiga kelele. Msaliti.

Kipngetich akaingia ghalani, akarudi na bakuli la vipande vikavu. Bosi akavitafuna, kwa-kwa-kwa, mkia ukipigapiga vumbi.

"Hiyo ulinunua lini?" Mongina aliuliza.

"Siku ile ile, ulipokimbia kutafuta mifupa. Miaka ishirini na tatu nimekata maji. Unafikiri uzeeni ndiyo nitaanza kuyanunua?"

"Sasa mbona ulinipikisha?"

Karani akampapasa Maxine mgongoni. "Huyu nimempenda siku nyingi. Kila Jumapili nikipita kwako kwenda kanisani kwetu, ninamtazama juu ya ua."

Mongina akabeba ndoo yake, ndani mna kilo moja na nusu ambayo hakuna aliyeitaka. Nyumbani hapakuwa na yai, na kwa hiyo hapakuwa na sukari wala chumvi. Jioni akakaa mbele ya sufuria ya chakula kile cha Bosi, akakumbuka maneno yake mwenyewe pale nje ya agroveti, "hata mimi", akachukua kijiko.

Siku ya soko iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake. Mama mmoja kutoka Merigi aliingia na kumwuliza Winny kuhusu mbwa wake, ampe kavu ama ya majimaji. Kabla Winny hajafungua mdomo, sauti ikatoka kwenye benchi.

"Kavu, dada. Ile nyingine nimekula mimi."