Tezi ya Mke Wangu Irudishwe Usingizini

Kwako Daktari Adeline, wa kituo chetu cha afya, Nyakasanza,

Nakuandikia kwa heshima zote, na nimevaa shati la Jumapili ili nisiandike kwa hasira. Mimi ni Médard, mume wa Wivine, yule mama uliyempa vidonge vya tezi ya shingo, ile mnayoiita thyroïde. Ulinieleza kwamba tezi hiyo hutia homoni katika damu ili mwili ufanye kazi, na kwamba ya Wivine ilikuwa imelala. Sasa imeamka. Naomba uilaze tena, kwa sababu hizi:

1. Nilipopeleka mbuzi wa mahari kule Boga, kwa wajomba wa Wivine, niliwaridhisha wote waliokuwa na sauti juu yake. Hakuna aliyenitajia tezi. Kama nayo inatoa amri nyumbani kwangu, ingekuja kudai mbuzi wake siku ile ile. Leo imechelewa.

2. Miaka yote, baada ya chakula cha jioni, mimi nilikuwa nasimulia na Wivine anainamisha kichwa. Niliwaambia wanaume wenzangu kwamba hiyo ndiyo heshima. Wewe ukaniambia ni ugonjwa. Sasa ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananisahihisha.

3. Alikuwa anasahau hata chumvi. Sasa anakumbuka cherehani niliyomwahidi siku ya ubatizo wa Chance, kitinda mimba wetu. Chance ana ndevu.

4. Majuzi niliuliza kwa upole chakula kiko wapi. Akanijibu: «Sufuria iko pale, maji iko pale, na weye uko pale.» Nikasonga fufu, Daktari. Ilijaa mabonge, naye aliila yote huku akicheka mpaka machozi. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, lakini hilo si malalamiko, nimelitaja tu.

5. Ulisema pia kwamba juu ya figo kuna tezi zinazomwaga homoni mtu akiogopa, moyo ukaenda mbio. Za kwangu hazijapumzika tangu Wivine apate nafuu. Kwa hiyo tezi yake moja inazitesa zangu mbili, na kwa haki mgonjwa sasa ni mimi.

6. Majirani zetu Bibiane na Arlette wameanza kujipapasa shingo. Ukiwapima na hao, Nyakasanza nzima itaamka, na sisi wanaume tutakimbilia migodi ya Kilo kuchimba dhahabu. Hatutafuata utajiri huko, tutafuata utulivu.

Kwa hiyo naomba tezi ya Wivine ipewe likizo. Ikishindikana, iwe inaamka Jumapili tu, kwa ajili ya kwaya.

Nisalimie muuguzi Josaphat, watu wa maabara, mlinzi wa lango na wagonjwa wote, isipokuwa wale wanaopona kupita kiasi.

Mimi mwenye nyumba, kwa sasa,
Médard

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni mwa koti langu wiki nyingi. Wakati huo vidonge vikaisha, na kila pharmacie niliyoingia haina. Wivine anasikia baridi tena, amerudia kuvaa sweta mchana wa jua. Jana jioni nilimsimulia jinsi nilivyomnunulia cherehani ile, uongo mtupu, nikangoja anisahihishe. Alikuwa amelala. Ninaogopa, Daktari. Niko hapa nje ya kituo, kwenye benchi, na siondoki bila vidonge. Hayo ya juu yachane.