Meneja wa Tawi la Falsafa

Jumatatu, 9 Machi

Nimechelewa darasani. Si kosa langu. Mlango wa bafu ulikwama nikiwa ndani, na mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Muhtasari kwa ubahili wake wa maneno, hakusikia nikigonga. Au alisikia. Nikaingia somo la Mantiki kifua mbele. Mhadhiri, ambaye chuo kizima kinamwita Mwalimu Kwa-Hiyo, akauliza nina utetezi gani. Ninao! Nikamwambia wenye akili wote huchelewa, mimi nimechelewa, kwa hiyo mimi nina akili.

Darasa likashangilia. Mama yule hakukasirika hata kidogo. Alisema basi la chuo nalo limechelewa leo, kwa hiyo tulitunuku shahada. Kisha akachora duara dogo ndani ya duara kubwa. Dogo ni la wenye akili, kubwa ni la wachelewaji. Akasema nani kakwambia kila mchelewaji amo kwenye lile dogo? Akatia alama ya msalaba katikati ya duara kubwa, nje kabisa ya dogo. Msalaba ule ni mimi.

Nililowa jasho. Lakini uzuri ulioje! Sijawahi kuvuliwa nguo kistaarabu namna ile. Maduara mawili ya chaki, na ujanja wangu wote chali. Nataka kufikiri kama yeye. Nataka hata kukohoa kama yeye.

Tangazo limebandikwa: Ijumaa ni usaili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili lazima apokelewe na tawi mojawapo la falsafa: Mantiki, Maadili, Metafizikia, Nadharia ya Maarifa au Ujumi. Asiyepokelewa anahamishiwa kozi ya utunzaji wa majalada, kwenye lile jengo la nyuma lisilo na madirisha. Mantiki imebakiza nafasi moja. Naitaka. Muhtasari naye anaitaka. Vita!

Jumanne, 10 Machi

Nimepata mpango. Mpango safi. Nitawaendea wahadhiri wote watano, mmoja mmoja, faragha, na kumwapia kila mmoja kwamba tawi lake ndilo pekee lililo moyoni mwangu. Mantiki ikinitupa, nitadakwa na mwingine. Muhtasari hawezi kubuni kitu kama hiki. Yeye anasoma tu, maskini.

Nimeanza na Mwalimu Kwa-Hiyo, kwa sababu kwake sikuhitaji kuigiza. Akanisikiliza, akasema kwa hiyo? Sikuwa na kwa hiyo. Nikaaga.

Kisha mhadhiri wa Maadili, mzee mpole anayeomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Nikamwapia. Akaniuliza, kama umetoa ahadi na hakuna atakayejua ukiivunja, utaitimiza? Nikasema naam, bila kupepesa jicho. Akasema jibu langu atalitafakari sana. Nadhani nimemgusa.

Swali lenyewe likanifuata hadi kantini. Nilikuwa nimejichukulia kipande cha mkate cha ziada. Nikakirudisha! Nikahisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Kumbe swali moja linaweza kuingia mkononi mwa mtu na kuufungua. Baadaye mhudumu akageuka upande wa pili, nikakichukua tena, lakini kwa heshima.

Mama amepiga simu. Nikamwambia Ijumaa napewa tawi. Akauliza tawi la nini, mwanangu. Nikasema la falsafa, kuna matawi makuu, natarajia moja. Mtandao ulikuwa unakatakata. Nikamsikia akipiga kigelegele.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi Muhtasari alisimama katikati ya chumba, akatazama dari, akasema: ipo au haipo? Maneno matatu! Nikashikwa na wivu. Mtu anaamka tu na swali zito kiasi hicho! Nikaliiba hapo hapo, nikakimbia nalo kwenye Metafizikia, nikanyoosha mkono kabla mhadhiri hajakaa. Ipo au haipo?

Mhadhiri akavua miwani. Akauliza, nini hasa? Sikuwa nimejiandaa kwa nini hasa. Muhtasari akajibu kutoka nyuma, kwa uchungu: sabuni yangu.

Nilidhani nimekwisha. Wapi! Mhadhiri akafurahi kama mtoto. Akasema tuichukulie hiyo hiyo sabuni. Inatumika kila siku, inapungua, inabadilika umbo, hata maandishi yake yanafutika. Je, ya leo ni ile iliyonunuliwa dukani? Ikibaki kama ukucha, bado ni ile? Na sisi, mtoto wa darasa la kwanza aliyebaki kwenye picha pale nyumbani, ndiye huyu aliyekaa hapa? Mimi nilisahau hata kujifanya nafikiri. Nilifikiri! Sikutaka kengele ilie.

Baada ya somo nikamwapia mhadhiri kwamba Metafizikia ndiyo pekee moyoni mwangu. Wakati ule ilikuwa karibu kweli.

Muhtasari ameniuliza kama nimetumia sabuni yake. Nikamweleza kwamba ile aliyoinunua haipo tena, na hii iliyobaki ni kitu kingine kisicho na mwenyewe. Amehamishia ndoo yake ya kuogea, sabuni ndani, chini ya kitanda.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemaliza wawili waliobaki. Wa Ujumi alinisimamisha mbele ya ukuta wa kantini ulioambuka rangi, akauliza kwa nini unapendeza. Nikakaribia kucheka. Nikatazama tena. Unapendeza! Nimekula nikiwa nimeupa mgongo ukuta ule tangu mwaka jana. Wa Nadharia ya Maarifa akaniuliza ninajuaje kwamba nalipenda tawi lake. Nikasema najua tu. Akasema hapo ndipo kazi inapoanzia. Wote wawili nimewaapia. Nimechoka kama bwana harusi wa ndoa tano.

Mjomba kapiga simu. Ananiita Meneja! Mama amemwambia nimekabidhiwa tawi kuu. Anadhani ni benki. Akasema tawi lolote lenye maana lina mlinzi, na binamu yangu amekaa nyumbani tangu kiwanda kifungwe. Nikafungua kinywa nimsahihishe. Akarudia: Meneja. Neno tamu! Nikamwambia tutaangalia.

Naomba nisikose kesho. Sisemi hivi kwa mzaha. Kabla ya kozi hii sikuwahi kupenda kitu kinachonishinda. Majalada nitayaweza, najua. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Ijumaa, 13 Machi

Balaa!

Nimefika kwenye chumba cha usaili, mlangoni kasimama binamu yangu. Shati limepigwa pasi, tochi kiunoni, kifua kama kabati. Mjomba kando yake anatabasamu. Kisha akaja Mwalimu Kwa-Hiyo, na binamu akamzuia! Akamwambia, samahani mama, tawi halijafunguliwa, msubiri meneja. Mwalimu akauliza meneja ni nani. Binamu akaninyooshea kidole.

Mwalimu akamweleza mjomba kwa adabu kwamba tawi hili halina fedha ndani. Mjomba akaitikia kwa kichwa, kisha akaninong'oneza kwamba ameelewa, mambo ya usalama hayo.

Aliyeitwa kwanza ni Muhtasari. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia. Wakamuuliza kwa nini Mantiki. Akafikiri, akasema: sipendi kusema nisichoweza kukitetea. Basi. Sentensi nzima! Nilimchukia, na nilitamani kumpigia makofi. Ndiyo maana hasemi. Mwaka wa pili huu nalala naye chumba kimoja, nikidhani hana la kusema.

Nikaitwa. Wahadhiri watano, meza moja! Mpango wangu haukuwa umefika kwenye meza moja. Nilidhani kila tawi lina mlango wake.

Mwalimu Kwa-Hiyo akaandika ubaoni, kila mstari na jina la tawi: ndilo pekee moyoni mwangu. Mistari mitano. Akaweka chaki mezani, akanitazama. Kwa hiyo?

Nikautazama ubao ule. Ulikuwa mzuri, jamani. Hauna pa kutorokea. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona jibu linakuja lenyewe, bila mimi kulivuta. Nikasema: kwa hiyo angalau wanne kati yenu nimewadanganya.

Mwalimu akatabasamu! Akasema hilo ndilo hitimisho halali la kwanza kutoka kwangu tangu nifike chuoni. Mzee wa Maadili akauliza, na wa tano ni nani? Nilimtazama tu Mwalimu Kwa-Hiyo, macho yakaniwasha. Akasema pole, nafasi amepewa mwenzako.

Wa Metafizikia akakataa. Wa Maarifa na wa Ujumi vivyo hivyo. Nikaliona jengo la nyuma lile, na giza lake. Ndipo mzee mpole akaomba radhi kwa kuchelewa kusema, akasema yeye ananichukua, kwa kuwa tangu aanze kufundisha hajaona mtu anayelihitaji tawi lake kiasi hiki.

Nimelia mbele ya mlinzi wangu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeamka mpya. Nimeyatafakari yote kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa. Niliwadanganya watu. Nikapokelewa. Kwa hiyo uongo ndio uliofanya nipokelewe! Na kilichomwokoa mtu hakiwezi kuwa kibaya. Maadili nimeyamaliza kabla hata ya somo la kwanza. Mzee atafurahi.

Nimempigia mjomba kumwambia tawi limefunguliwa, la Maadili, na binamu aanze kazi Jumatatu. Sabuni ya Muhtasari niliipata chini ya kitanda.

Jumatatu nitachelewa kidogo. Nataka mzee ajue mapema kapata mtu wa aina gani.