Kete Moja, Ngazi Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema moyo umechoka, niweke mambo yangu sawa. Ninalo moja tu. Miaka ishirini iliyopita, fainali ya drafti ya mtaa, shemeji yangu aligeuka kupiga chafya. Nikasogeza kete. Kombe nikabeba mimi. Yeye hajacheza tena. Lazima nimwambie kabla sijaondoka. Anakaa nyumba ya nne kutoka hapa. Vizuizi: mteremko wa mlangoni kwetu, ukingo wa barabara, ngazi zake tatu, na binti yangu.

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nimemwita Bi Breki, kaja kutufundisha kutumia kiti changu kipya cha magurudumu. Kikisimama, funga breki zote mbili. Wa kukuinua ashike fremu, si mikono ya kiti, maana huchomoka. Mteremko unashukwa kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini. Kinyumenyume! Mimi, mwalimu wa fizikia miaka thelathini na minne, nishushwe kama gunia? Nikamwambia sheria za mwendo nazijua. Akasema nazo zinanijua.

Jumatano, 5 Machi
Binti katoka. Nikashuka peke yangu, uso mbele. Hesabu zilikuwa sahihi. Breki ya kushoto ndiyo iliyochelewa. Nikaingia kwenye kamba ya nguo za jirani, nikatokea upande wa pili nimefunikwa shuka jeupe. Jirani akauliza kama ni mimi au tayari ni marehemu. Binti hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia binti ukweli wote. Akalia kidogo, akanifunga mkanda, akanisukuma. Ukingoni akainamisha kiti nyuma, magurudumu ya mbele yapande kwanza. Nikajirusha mbele kumsaidia. Nusura nibusu lami! Akasema, Baba, ukinisaidia tena tunarudi.
Shemeji akatoka, mikono ya seremala. Nikamwonya kuhusu fremu. Akasema mwalimu bado hujaacha kufundisha, akavuta mkono wa kiti. Ukabaki mkononi mwake. Akalaumu fundi.
Pale chini ya ngazi nikafungua kinywa niungame. Nikaomba maji.

Ijumaa, 7 Machi
Nyundo kutwa nzima kwa shemeji. Binti anasema ananijengea njia ya mbao. Bi Breki kamwambia kila shibiri moja ya kimo inataka kumi na mbili za urefu. Shemeji kalalamika kwamba itafika kwa jirani, lakini kaikunja kona akaendelea. Ananijengea mimi! Sikula.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda, binti nyuma. Breki mbili. Nikasema yote bila kumeza mate.
Shemeji akaweka nyundo chini. Kisha akasema wiki nzima baada ya fainali ile alizipanga kete zile upya, hesabu ikakataa, akaona akili imemtoka, ndiyo maana akaacha. Akaniuliza mara mbili: kwa hiyo sikuwa nimechanganyikiwa? Hukuwa, shemeji. Akaniita mwizi. Akacheka hadi machozi. Akapangusa vumbi ubao wa drafti.

Jumapili, 9 Machi
Mechi ya kwanza kanifunga. Ya pili, akaenda kutafuta miwani. Mkono ukasogea wenyewe. Kete moja tu! Nimeshinda.
Sasa sina ruhusa ya kufa; lazima nikaungame. Kesho, binti akitoka. Nimepiga hesabu upya: uso mbele, nianze na breki ya kulia. Jumatatu jirani hafui.