Karatasi ya Kaki Kifuani

Ijumaa, 4 Julai 1975
Kesho Torquay, pwani! Viwanda vya pamba hapa Burnley vimefungwa kwa likizo, mji kimya kama kuna msiba. Mke wangu Winnie anapanga nguo. Mimi napanga vita.

Mwaka huu kiti cha mbele ni chetu. Kwenye basi la kanisa letu sheria ni moja: wa kwanza kuiona bahari anakaa mbele matembezi yote ya wiki, na safari ya mwaka unaofuata pia. Sasa huko mbele anakaa jirani yangu, Clifford Pickles. Kwa hiyo ndiye anayeiona kwanza. Kwa hiyo ndiye anayekaa mbele. Huo si mchezo, ni ufalme. Tena mfalme mwenyewe ana darubini.

Safari hii aione Winnie. Daktari anasema macho yake yameingia ukungu, watampasua msimu wa baridi, na hakuahidi kitu. Kwa mbali ananitambua kwa kikohozi. Mwaka 1938, basi halina paa, kofia yake imepeperuka, yeye ndiye aliyeiona kwanza. Alipiga kelele hadi dereva akafunga breki. Nilimwoa kwa ajili ya kelele ile. Mpango wangu sijamwambia mtu. Hata yeye.

Jumamosi, 5 Julai
Nilidamka kabla ya muuza maziwa. Nikamkokota Winnie hadi mlango wa kanisa. Wa kwanza! Nikachungulia basini. Takia la Clifford limeshakaa kitini. Lile lenye maua aliyoyatarizi mkewe, Agnes. Dereva ni mpwa wake, alimruhusu aliweke tangu jana. Kwetu sisi ukiweka takia umeweka makalio. Hata mchungaji hathubutu kuligusa.

Mpango wa pili. Basi halijatoka mjini nikaanza kuugulia. Nikasema moyo unanichafuka, na mtu wa hivyo huketishwa mbele, kila mtu anajua. Nikatoa na mlio. Mlio safi, nilikuwa nimeufanyia mazoezi chooni.

Agnes alikuja mbio. Hakuniletea kiti. Kaniletea karatasi ya kaki! Mama yake aliapa kwamba ukifungwa karatasi ya kaki kifuani, chini ya fulana, hutapiki hata uzunguke dunia. Basi zima likaafiki. Wengine wakaanza kusimulia habari za shangazi zao. Nikavuliwa shati mbele ya kwaya, nikafungwa kama samaki wa sokoni. Kisha nikapigwa marufuku kula.

Tuliposimama kunywa chai, wenzangu pai za nguruwe, mimi biskuti ya tangawizi. Winnie alikula pai yangu polepole, huku akiusifu ukoko wake. Nikivuta pumzi, nachakarisha karatasi. Clifford akauliza kama nimeficha kuku.

Tunaingia Devon, mkoa wa Torquay, mimi hoi. Hata kilima cha mwisho hatujakipanda, Winnie akasimama, akanyoosha kidole dirishani.

"Bahari ile!"

Nikatazama. Mabanda ya vioo ya nyanya, yanang'aa juani. Kila mtu anaona nyanya. Nilitamani ardhi inimeze, na karatasi yangu.

Clifford aligeuka. Akainua darubini, akazitazama nyanya zile kwa muda mrefu. Akaishusha.

"Ndiyo yenyewe, Winnie," akasema. "Leo umenipiku, mama."

Akachukua takia lake, akaja nyuma. Tukapishana. Nilitaka kumwambia neno. Nikachakarisha tu.

Jumatatu, 7 Julai
Matembezi ya pwani, sisi mbele! Winnie pua kwenye kioo. Barabara ilipoinama, bahari ikajaa kioo kizima, sasa ile ya kweli. Akanishika mkono hadi chini ya mteremko. Halafu akasema ni kubwa kuliko alivyoiacha. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Jioni nikamgusia, kwa adabu, habari ya zile nyanya za juzi. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Seth, mimi mtoto wa mkulima wa nyanya. Banda la nyanya nitalijua hata nikiwa kaburini. Ningengoja bahari ningefika na maiti. Nilitaka waseme tumefika, wakufungue ule."

Nikauliza, na Clifford je? Akasema nimwache Clifford hivyo hivyo. Katuachia kiti kwa moyo mweupe, mwanamume akifanya jambo zuri asiharibiwe siku.

Jumatano, 9 Julai
Nimegundua kitu! Huku mbele jua linanipiga usoni na dereva ananisimulia ugonjwa wa mgongo wake. Kule nyuma kuna kiti kirefu. Clifford kanyoosha miguu kama sultani, Agnes anagawa pai, wanaimba, wanacheka. Yule mtu alinitega! Miaka yote alikuwa anapataka nyuma, anangoja mjinga wa kumwachia mbele. Moyo mweupe, eti!

Winnie anasema hakuna aliyenitega, nitazame bahari. Masikini, hajui watu.

Kesho naanza kuugua. Nitasema mbele kunanichafua moyo, wa hivyo huketishwa nyuma, kila mtu anajua. Najua watakachofanya. Karatasi ya kaki nimeshaipata mwenyewe kwa Agnes, nimemwambia ni ya kufungia zawadi.

Safari hii natia pai ndani ya karatasi kabla sijafungwa.